Staji ya kwanza, watoto 80 darasani: jibu kwa dada wa Kadutu

Dada, umeeleza kuwa uko mwaka wa mwisho wa sehemu ya pedagogi (ualimu), uko kwenye staji, yaani mazoezi ya kufundisha, umepewa darasa la pili lenye watoto kama 80, na msimamizi wa staji anakurudishia fishi ya maandalizi (karatasi ya mpango wa somo) kila mara. Mimi nafundisha msingi hapa hapa Bukavu, na ningeanza na vibao vya watoto vya kuandikia kwa chaki, kabla ya fishi.

Tangu shule za msingi za Serikali hapa Kongo zifanywe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Ukiuliza swali, wanajibu wale wale wa mbele, nawe unaendelea ukidhani wote wamo. Njia ya La Martinière, iliyopata jina kwa shule moja ya Lyon, ni ya zamani lakini inafaa: unasoma swali, wanafikiri kimya, unagonga meza wanaandika, unagonga tena, chaki chini, vibao juu. Asiye na kibao apewe kipande cha tripleksi (ubao mwembamba) kilichopakwa rangi nyeusi.

Juzi niliwapa 42 kutoa 17. Vibao vikapanda, na safu nzima ya dirishani ina 35! Hawakunakiliana. Kwenye mamoja wameona 2 na 7, wakatoa ndogo katika kubwa kama walivyozoea. Hapo hata ukiimba kanuni mpaka kengele ilie, hawatoki. Nikaleta vijiti, mafungu manne ya kumi na viwili pembeni. “Nipeni saba.” Wakatazamana, hadi binti mmoja akafungua fungu bila kuambiwa.

Sasa fishi. Nadhani kwenye lengo umeandika “mwanafunzi ataelewa kutoa”. Nani ataona kuelewa? Andika atakachofanya: ataweza kutoa namba za tarakimu mbili kwa kufungua kumi. Na pembeni andika kosa unalolitarajia, lile la 35, hata kama fomu haina nafasi yake. Fishi za kunakili kwa waliokutangulia, achana nazo.

Eleza kwa Kiswahili bila woga, Kifaransa kina saa yake. Sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo.

Kuhusu mshahara: walimu wapya wengi hukaa muda mrefu bila kulipwa na Serikali, wakingoja matrikuli, yaani namba ya mtumishi wa Serikali. Kabla hujakubali kazi popote, muulize direkta (mkuu wa shule) kama nafasi hiyo ina bajeti ya Serikali.