Wakwe zako wakija Lyon: mahali pa kuwapeleka

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wakwe zako wanafika Juni kutoka Same, na mumeo anataka jioni moja muwatoe wakale chakula cha wenyeji kwenye bouchon hasa, mgahawa wa Kilyon wa zamani. Umebakiza miwili, Café des Fédérations ya rue Major Martin na Daniel et Denise ya rue de Créqui, na unaniuliza mimi niliyepika mji huo miaka 11 ningechagua upi.

Ungekuwa unanipeleka mimi, ningesema Fédérations hata kabla hujamaliza kuuliza. Vitambaa vya meza vya mirabaraba, soseji zinaning'inia darini, na vyakula vya kuanzia vinaletwa kwenye mabakuli ya meza nzima: kila mtu anajipakulia, anampitishia wa pembeni. Wazee wetu wangejisikia nyumbani. Na chakula chenyewe kina asili ambayo baba mkwe wako ataipenda. Wafuma hariri wa Croix-Rousse, mtaa wa kilimani hapo Lyon, wale waliokuwa wakiitwa canuts, walianza kazi alfajiri, kisha asubuhi hiyohiyo wakakaa kula utumbo, maini na soseji. Mlo huo unaitwa mâchon mpaka leo. Baadaye wanawake waliokuwa wapishi wa majumbani mwa matajiri wakafungua migahawa yao wenyewe. Mmoja wao, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alipewa nyota tatu, daraja la juu kabisa, na Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa, kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili. Mweleze mzee habari hizi mkiwa njiani.

Lakini mama mkwe wako ni Msabato, tena wa kushika kwelikweli. Hapo ndipo shauri langu linapobadilika.

Bouchon ni nyumba ya nguruwe na divai. Nguruwe yumo kwenye soseji, kwenye pâté (nyama iliyosagwa na kukandwa), kwenye saladi, na divai imo kwenye mchuzi hata usipoiona mezani. Penye mabakuli ya pamoja, nusu ya kitakacholetwa hataweza kukigusa. Atakaa anatabasamu huku akila mkate, na akirudi Same atasema alikula vizuri. Unamjua.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, usiku mmoja mama mmoja aliyejitanda mtandio aliagiza saladi ya Kilyon bila nguruwe. Ikaenda na nguruwe, akairudisha. Mkubwa wetu wa jikoni akavitoa vile vipande kwa vidole, kimoja kimoja, akaweka yai jipya juu, akairudisha mezani. Sasa saladi ile hutengenezwa hivi: unakaanga vipande vya nguruwe mpaka mafuta yatoke, unamimina siki kwenye kikaango hichohicho, halafu unamwagia majani yote ikiwa moto. Nguruwe alikuwa kwenye kila jani. Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa mkononi, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni kazini. Yule mama alikula akamaliza, akatushukuru alipotoka. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nenda Daniel et Denise, ambako kila mtu anaagiza sahani yake. Joseph Viola, mwenye jiko, ana cheo cha Meilleur Ouvrier de France, yaani fundi bora wa Ufaransa, tangu 2004, na mwaka 2009 alishinda ubingwa wa dunia wa pâté en croûte, pâté iliyookwa ndani ya ganda la unga. Pâté hiyo agizeni ninyi wawili na mzee, mama msimwekee. Na mkiiona tablier de sapeur kwenye menyu, mwagizie mzee bila kumuuliza: ni ile sehemu ya utumbo wa ng'ombe yenye vyumba kama sega la nyuki, imeviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Mtu aliyekulia supu ya utumbo ataijua kwa harufu. Huwa inalazwa kwenye divai nyeupe kwanza, basi nayo ibaki upande wa mzee.

Mama ndiye wa kufikiriwa sana. Quenelle, donge laini la samaki, inaonekana salama, maana ni samaki wa mtoni aitwaye brochet, ana mapezi na magamba kama Walawi inavyotaka. Ila mchuzi wake wa Nantua ni wa kamba wa maji baridi, na kamba haliwi nyumbani kwake. Mwulizieni ini la ndama lililopikwa kwa siagi, vitunguu saumu na majani ya parsley, pamoja na makaroni ya kuoka kwa krimu na jibini. Mwisho aletewe tarte ya praline, keki bapa ya lozi zilizopakwa sukari, ile nyekundu; atacheka akiiona rangi yake.

Msichague Ijumaa wala Jumamosi. Juni jua linazama Lyon kama saa tatu na nusu usiku: Ijumaa Sabato itamkuta na kijiko mkononi, na Jumamosi mtakuwa mnalipa bili kabla haijatoka. Jumatano saa moja na nusu usiku itafaa. Ombeni meza ya ukutani, maana bouchon hubana viti na goti la mzee si zima.

Piga simu wewe mwenyewe siku mbili kabla, usimwachie mumeo. Sema hivi: "sans porc, sans vin, sans écrevisses, même dans la sauce et dans la poêle", yaani bila nguruwe, bila divai, bila kamba, hata kwenye mchuzi na kwenye kikaango. Hilo neno la mwisho, kikaango, lisisitize. Jiko zuri litakujibu palepale sahani gani inawezekana na gani haiwezekani. Wakisema tu "hakuna shida" bila kukuuliza swali hata moja, niandikie tutafute pengine.

Msalimie mumeo.

Mama yako