Risasi Moja Tu: Kwa Anayeanza na Bunduki ya Mtutu Mmoja

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi, si kwa sababu niliijua. Mtutu mmoja, geji 12, Baikal ya Urusi kutoka Izhevsk, kitako kimepauka, mwenyewe mzee kachoka kukesha kondeni. Nina muhogo na viazi maweni, upande wa Muyuni hapa Unguja, na asiyelima maweni hajui nguruwe mwitu anavyoweza kumtia mtu umasikini: usiku mmoja tu, tuta zima limepinduliwa, amekula robo na kuharibu robo tatu. Nikadhani bunduki ndiyo dawa. Bei niliyotoa siku ile ilikuwa ndogo kuliko yote niliyokuja kulipa kwa bega, kwa shavu na kwa aibu.

Kabla hujatoa shilingi, anzia polisi. Kibali ni cha jina lako na cha bunduki ile yenye namba ile. Hununui leo ukatafuta karatasi kesho, wala humwazimi shemeji "usiku mmoja tu". Na wakikuletea gobore la kushindilia la fundi wa kichochoroni, mwambie arudi nalo alikotoka.

Ukifika kuikagua, kwanza ifungue uhakikishe ni tupu, ndipo uitie mikononi. Ifunge, kisha utikise mtutu: ukicheza kwenye bawaba, umechakaa. Tizama ndani dhidi ya mwanga, utafute kutu na mabonyeo. Ikiwa ni ile yenye mtambo wa nje, yaani kinyundo kinachoonekana nyuma ya mtutu, tega, sukuma mtambo kwa dole gumba bila kugusa kilimi cha kufyatulia, kisha piga kitako kwa kiganja. Mtambo ukianguka wenyewe, muage muuzaji kwa heri, hata akikupa bure.

Sasa risasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Geji 12 maana yake ni hivi: ratili moja ya madini ya risasi ukiigawa vitufe 12 sawasawa, kila kitufe kinaenea mtutuni. Kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko 12. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 haikai chembani, pale nyuma panapokaa risasi, inateleza mbele na kukwama. Wewe unachungulia, unaona chemba tupu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua. Mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto uko hapo hapo. Ndiyo sababu viwanda vingi hutia geji 20 rangi ya manjano. Usichanganye mfukoni, basi.

Ya pili ni urefu. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa 70 au 76, yaani milimita za chemba. Mimi nilijaribu ya 76 kwenye chemba ya 70, ikaingia vizuri tu, nikasema maandishi ni ya wazungu. Bahati yangu mwenzangu aliichomoa kabla sijafyatua. Ule urefu ulioandikwa ni wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka. Kabla ya hapo ni fupi, ndiyo maana linaingia. Likifunguka ndani ya chemba fupi, linabana njia ya marisau, zile punje za ndani ya risasi, na nguvu ya baruti inakosa pa kutokea.

Teke la bunduki wengi wanalichukulia ni mzaha. Hizi za mtutu mmoja zina kama kilo mbili na nusu hadi tatu, na wepesi huo unaoupenda ukitembea ndio unaokupiga bega ukifyatua. Bunduki nzito hulimeza teke, nyepesi hukurudishia. Kwa hiyo anza na risasi hafifu za gramu 28, acha zile nzito wanazozisifia vijana. Kitako kikaze begani kabisa, usiache nafasi hata ya kidole. Mimi nilikata soli ya ndara kuukuu, nikaibandika nyuma ya kitako. Si nzuri machoni, lakini bega limenishukuru. Na masikio yazibe, kishindo chake hupita desibeli 150. Siku ya kwanza sikuziba, nikawa naitika salamu za watu waliokuwa hawajanisalimu.

Kabla hujaenda kondeni, pigia boksi. Nilichukua boksi la friji, nikalifungua, nikachora alama katikati, nikaliegemeza kwenye tuta la udongo. Usiliegemeze kwenye jiwe, maana maweni yanarudisha marisau. Nikahesabu hatua 30. Marisau karibu yote yalipiga juu ya alama, kiasi cha kiganja na nusu. Nikailaumu bunduki, nikamlaumu na mzee aliyeniuzia. Mwenzangu akaichukua, akapiga mara moja: kati kwa kati. Kumbe kosa ni shavu. Bunduki hii ina kijipande kimoja tu cha kulengea, pale mdomoni. Cha nyuma ni jicho lako. Mimi kwa kuogopa teke nilikuwa nainua kichwa, na jicho likipanda, marisau nayo yanapanda. Dawa yake ni kuzoea ndani ya nyumba, bunduki tupu, ganda lililokwisha pigwa chembani, mtutu ukielekea penye usalama: pandisha, laza shavu, fyatua. Mara ishirini kila jioni.

Boksi lilinifunza la pili. Bunduki nyingi za namna hii zimebanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi, na iliyobanwa kabisa huweka kama asilimia 70 ya marisau madogo ndani ya duara la sentimita 76 kwa mita 36. Hayo ya vitabuni. Kwa nguruwe unatumia marisau makubwa yaitwayo SG, na ganda la gramu 32 lina tisa hivi. Kwa hatua 30, manane yalikuwa kwenye boksi. Kwa hatua 50 nikaona matatu, moja limekata ukingo. Tangu siku hiyo nina mawe mawili niliyoyapaka chokaa, kila moja hatua 30 kutoka ninapokaa. Nguruwe akiwa mbali kuliko jiwe, ale muhogo wangu. Yule wa kwanza nilimpiga mbali kwa pupa, akakimbia na marisau mwilini, na huna risasi ya pili ya kummalizia. Nilimsikia usiku kucha.

Halafu jiulize nyuma yake kuna nini. SG ikikosa inaweza kupita mita 500, na visiwa vyetu ni vidogo: nyuma ya kichaka kuna njia, nyuma ya njia kuna mtu anarudi pwani na mtego wake. Mtambo utege ukishaona nguruwe mzima kwa tochi, si ukisikia majani. Ukiwa karibu na Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, fahamu kwamba kima punju na paa nunga hawaguswi. Na ndugu zetu wa Pemba wanayo habari ya popo wao, asiyepatikana pengine duniani: uwindaji ulikaribia kummaliza, na leo watu wanakwenda Kidike kumtizama tu.

Risasi ikigoma, usifungue papo hapo. Shikilia mtutu ulikoelekea, hesabu polepole hadi 60. Ikilia kidogo kama inakohoa, simama kabisa: huenda kitu kimebaki mtutuni.

Na mpange mapema nani atamshughulikia mzoga. Sisi tulimwangusha wa kwanza saa nane ya usiku, wanaume watano, hakuna wa kumgusa. Tulimburura kwa kamba hadi shimoni, kisha asubuhi kukawa na mjadala wa kuitwahirisha kamba mara saba, moja yake kwa udongo, au kuitupa. Tuliitupa.

Kutu ni adui wa kila siku, khasa wakati wa masika. Usiiweke kwenye mfuko wa ngozi, unanyonya unyevu. Usiipake mafuta ya nazi. Mimi nilipaka, na baada ya miezi mtambo ulikuwa unanata kama gundi na unanuka. Mafuta ya cherehani, tone dogo, na kitambaa kikavu kwenye mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, siku ile ile uliyopiga. Ifungie kasha lake, risasi kasha jingine.

Mimi kabla sijapata kasha niliisimamisha pembeni mwa ukuta, wiki mbili tu. Siku ya kuitoa nikapitisha mdeki, ukagota njiani. Dondora amejenga nyumba ya udongo ndani ya mtutu, kavu kama saruji. Sasa kila usiku kabla sijatia risasi naifungua, nautizama mwezi kupitia mtutu. Nikiuona mzima, natia.