Unaanza kuongoza watalii? Lafudhi iache, rekebisha haya

Mkuu uliyeuliza, unaanza kuongoza watalii mwezi ujao na unaogopa wageni watakucheka matamshi. Kwanza lafudhi yako iache kama ilivyo, hakuna mgeni anayekuja Arusha akitegemea uongee kama mtu wa Texas. Mi nipo kwenye kazi hiyo hiyo na kinachotuponza wengi ni kusoma Kiingereza kama Kiswahili, yani kila herufi lazima isikike.

Chukua leopard. Wengi wanasema leo-pad, wakati ni lepad, basi. Kuna siku Seronera, kule Serengeti, chui kajilaza juu ya mti, dereva mwenzangu anapaza sauti leopad leopad, wageni wanakodolea macho nyasini huko hadi awaonyeshe kwa kidole, na chui hana muda wa kukusubiri wewe. Climb nayo b haitamkwi, ni klaim, na wale ndugu zangu mnaochanganya L na R hapo muwe makini kweli maana ikiteleza tu inakuwa kraim, unawatangazia watu kesho tunafanya uhalifu Kilimanjaro 😂😂. Receipt p imekufa, island s imekufa. Hizo mbili wala usijilaumu, zilichomekwa na wasomi wa zamani huko Uingereza ili maneno yafanane na Kilatini.

Halafu mkazo. Sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, ndo maana vegetable inatoka vejeTEbo. Weka mwanzoni, VEJtabo, huko mbele meza tu. Comfortable vilevile, KAMFtabo.

Irabu ndo kazi. Hut, hat na heart kwetu zote ni hat, sasa njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro watu wanalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo Hut, unasema twende hut mgeni anashika kofia. Ya hut ikate fupi, ya hat fungua mdomo iegemee kwenye e, ya heart ivute. Na beach na sheet vuta hiyo i jamani, ukiikata ni matusi mazito mbele ya familia ya watu.

Kamusi ya Cambridge mtandaoni ina alama ya spika, unasikia ya Uingereza na ya Marekani, chukua ratiba ya safari yako upige neno moja moja. Majina ya ndege sijayagusa, hayo yanataka uzi wake.