Sakafu ya Peugeot 504 imeoza: usikubali shiti ya juu, na kuchomelea unaweza kujifunza

Mkuu, umesema umenunua Peugeot 504 saluni hapa Mwanza, sakafu ya upande wa dereva imetoboka, ukibonyeza chini ya mlango kwa kidole gumba chuma kinaingia ndani, na fundi ameahidi kukumalizia kazi kwa siku mbili: shiti juu, ribiti, puti, rangi. Unauliza kama kuna haja ya kufanya zaidi ya hapo, na kama mtu asiye fundi anaweza kujifunza kuchomelea bodi mwenyewe. Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili. Nimekarabati 504 ya baba mdogo uani kwetu Nyakato, kuanzia sakafu hadi paa, na mishono ya gari lile nimeichoma kwa mkono wangu. Naandika ninachokijua.

Anza na jinsi gari lenyewe lilivyojengwa. 504 saluni haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Sakafu, nguzo za milango, paa na yale maboksi mawili yanayopita chini ya milango ndiyo chesisi yenyewe. Hili ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 toleo la kupe lenye injini ya V6 likashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Uvumilivu ule kwenye barabara za Kenya uliwezekana kwa sababu bodi nzima ilikuwa imeshikana. Boksi la chini ya mlango likioza, gari linaanza kujikunja katikati. Angalia uwazi kati ya mlango na nguzo, kisha piga jeki: ukiona uwazi umebadilika, au mlango umegoma kufunga, gari limeshapoteza mfupa. Shiti ya ribiti juu ya kutu hairudishi mfupa huo. Siku ya ajali, boksi lile ndilo linalosimama kati ya mguu wa abiria na gari linalokuja ubavuni. Ndiyo maana naliongelea kwa ukali.

Kuna watu watakwambia Mwanza hakuna kutu kwa sababu maji ya ziwa hayana chumvi. Ni kweli gari la hapa huoza polepole kuliko la Tanga au Dar, lakini chuma hakihitaji chumvi ili kishike kutu. Kinahitaji maji na hewa tu, chumvi inaongeza kasi. Hapa kwetu adui ni udongo mwekundu unaojaa ndani ya maboksi, unaziba vile vitundu vya kutolea maji, halafu unabaki na unyevu kuanzia vuli hadi masika. Na gari likiwa limewahi kubeba kayabo, yaani samaki wa kutiwa chumvi, au samaki wa barafu kutoka Mwaloni Kirumba, basi lihesabu kama gari la pwani. Maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye kayabo huingia kwenye kila kiungo cha shiti mbili na kukaa humo. Muulize aliyekuuzia gari lilikuwa likifanya kazi gani.

Sasa ukaguzi. Toa viti, toa kapeti yote, toa ile lami ya chini ya kapeti kwa tindo. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye upinde wa tairi na chini ya milango. Inapokataa kushika, hapo kuna puti. Kisha bisibisi butu na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Usiogope kutoboa, kwa sababu palipotoboka kwa bisibisi palikuwa pameshakwisha. Kwenye gari la baba mdogo, chini ya miguu ya dereva nilikuta tabaka la lami, chini yake puti nene kama kidole, chini yake kipande cha debe la mafuta ya kula lililofunguliwa na kupigwa ribiti, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Chini ya debe kulikuwa na sakafu yenyewe, imekuwa majani makavu ya kahawia yanayopepetuka ukiyagusa. Aliyeweka debe lile alifunika maji pamoja na kutu, na debe likayatunza. Hicho ndicho fundi wako anachotaka kukufanyia, tofauti ni kwamba shiti yake ni mpya.

Kabla ya kukata chochote tafuta maji yalikoingilia. Kwa 504 yenye umri huu mshukiwa wa kwanza ni mpira wa kioo cha mbele. Lala chini ya dashibodi na tochi, mtu mwingine amwage maji ya mpira wa bustani taratibu juu ya kioo. Ukiona tone linateremka kwenye ukuta wa injini, umeshapata jibu. Ukichomelea sakafu mpya huku kioo kinavuja, umenunua kazi hiyohiyo upya.

Kuhusu mashine. Zile za kusukwa mtaani ambazo mafundi wanatengenezea mageti na grili zinafanya kazi yake vizuri, lakini bodi ya gari ni shiti ya milimita 0.8 hadi 1. Elektrodi ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90, na kwa joto hilo shiti ya bodi inatoboka kabla hujaona kilichotokea. Ukiwa na inveta, ile mashine ndogo ya kielektroniki ya kuchomelea, inayoshuka vizuri hadi ampea 40 na elektrodi za milimita 2, unaweza kufanya mabano na sehemu nene, na kwa chesisi ya Land Rover inatosha kabisa. Kwa bodi nakushauri MIG, ile inayotoa waya yenyewe, na waya wa milimita 0.6 ukiupata, au 0.8. Gesi ya kaboni dayoksaidi peke yake inafaa ingawa inarusha cheche zaidi kuliko iliyochanganywa na agoni. Kuna pia waya wenye dawa ndani usiohitaji mtungi. Huo unachoma kwa joto zaidi na unataka nyaya zigeuzwe: bunduki, yaani mpini unaotoa waya, iwe hasi, bodi iwe chanya. Ukitumia gesi ni kinyume chake. Wengi wanaolalamika kwamba mashine mpya inatema tu cheche hawajageuza nyaya hizo. Wazee wa gereji bado wanachomelea bodi kwa oksijeni na asetilini, na mshono wao ni laini, unakubali nyundo, nawaheshimu kwa hilo. Ila joto lake linasambaa sana na anayeanza atapindisha shiti yote.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo hutalisoma kwenye kijitabu cha mashine: upepo wa ziwa. Mchana unapoanza kuvuma unapeperusha gesi inayokinga mshono, na mshono unatoka na vitundu kama mkate. Chomelea asubuhi, au zungushia turubai upande unaotoka upepo huku juu pakiwa wazi moshi upate njia.

Kujifunza kwenyewe: nunua shiti ya geji 20, ambayo ni kama milimita 0.9, kata vipande vya ukubwa wa kiganja na uchome hivyo kwanza, siyo gari. VETA pale Nyakato wana fani ya uchomeleaji, nenda ukaulizie kozi fupi. Kusimamiwa na mtu anayekurekebisha mkono kunaokoa shiti nyingi. Mimi nilikuwa na mzee mmoja fundi bodi aliyenifundisha kuangalia kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka na kuachana na mwanga. Kidimbwi kikiwa cha duara na kimetulia, endelea. Kikianza kuzama katikati, achia kitufe mara moja. Pima mazoezi yako kwa jiriwa na nyundo: funga kipande, kikunje kwenye mshono hadi kichanike. Shiti ikichanika pembeni na mshono ukabaki mzima, uko tayari. Mshono ukifunguka wenyewe, rudi mezani, hata kama kwa juu unapendeza.

Ukifika kwenye gari, weka bodi juu ya stendi nne zilizo sawa, chomea bomba la mraba kati ya nguzo za mlango ili zisisogee, ndipo ukate. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote mbili, hata kama kitundu cha ukubwa wa sarafu kitageuka dirisha. Hapa ndipo moyo unapokataa, na hapa ndipo kazi ilipo. Kiraka kikate kwa pembe za mviringo, maana pembe kali hukusanya joto na baadaye hupasuka. Tumia geji 20 kwa upinde wa tairi, geji 18 kwa sakafu na maboksi. Bati la kuezekea usiliguse kabisa: geji 30 ni karibu milimita 0.3, na lina zinki.

Mshono usiuvute moja kwa moja. Shikiza kwa pointi, yaani nukta fupi za kuchomelea, moja huku, moja kule, moja katikati, na usirudi mahali mpaka uweze kuweka mkono bila kuungua. Acha papoe kwa hewa, usimwagie maji. Unaendelea kujaza pointi kati ya pointi hadi zinaungana. Ni kazi ya subira, lakini shiti inabaki bapa. Palipotoboka, weka nyuma kipande cha bomba la shaba la friji lililopondwa likawa bapa: chuma hakishiki kwenye shaba, kwa hiyo unajaza tundu bila kumwaga. Kiwandani maboksi yaliunganishwa kwa pointi za umeme. Wewe toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye shiti ya juu uyajaze kwa kuchomelea, utapata nguvu inayotakiwa.

Usalama, bila mzaha. Toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali, kulifunika hakutoshi. Chomoa betri. Miwani ya jua wanayovaa vijana wa mtaani haizuii kitu. Tumia kofia ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au 11, vinginevyo usiku macho yatajaa mchanga usioonekana na hutalala. Ukilazimika kuchoma chuma chenye zinki, kisugue kwanza hadi zinki iishe, maana moshi wake unaleta homa na kutetemeka jioni ileile, na maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki kisha ukawasha moto. Baadhi zina klorini, na kwa moto wa kuchomelea zinatoa fosjini, gesi inayoua.

Siku uliyochomelea ndiyo siku ya praima. Msimu wa mvua chuma kilichosuguliwa kikilala wazi usiku mmoja kinaamka na rangi ya chungwa. Mishono ipakwe dawa ya kuziba viungo ndani na chini. Halafu kuna sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka: ndani ya boksi rangi imeungua kwa joto lako na hakuna brashi inayofika. Toboa kitundu sehemu isiyoonekana, mimina grisi iliyolainishwa kwa oili safi na kupashwa, kopo lake likiwa ndani ya maji ya moto, itembee hadi uione inatoka kwenye vitundu vya chini. Oili chafu ya injini siipendi, ina asidi na inachafua praima. Vitundu vya chini viache wazi, uvichokonoe kwa waya kila baada ya masika.

Fundi wako usimfukuze. Mwambie umwachie kunyoosha madigadi na kupiga rangi mwishoni, huko ndiko anakoweza kukusaidia. Ila kwanza toa kapeti, piga picha za sakafu, upinde wa tairi za nyuma na sehemu ya kupigia jeki pande zote mbili, uziweke hapa kabla hujawasha grinda. Boksi la kulia likiwa limeliwa hadi kwenye nguzo ya kati, utaratibu wa kukata unabadilika, na hilo nitakuelekeza nikishaona picha.