Mvinyo usiwe wa kwanza

Dada, umeuliza kama familia yenye ekari tatu za zabibu Hombolo inaweza kufungua mgahawa na kutengeneza mvinyo wake bila kutegemea kemikali. Inawezekana, ila anzeni na mgahawa. Pikeni mnachokilima wenyewe: ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji. Wageni wa Dodoma mjini wanavipenda kuliko chipsi, niamini.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zinazoiva kiangazi, Agosti na Septemba, huwa na sukari nzuri, basi hizo ndizo za mvinyo. Za wakati wa mvua uzeni kama matunda ya kula au kamueni juisi. Shambani wekeni samadi iliyooza, matandazo na umwagiliaji wa matone. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga kwenye majani na matunda, utawasumbua tu. Pogoeni hewa ipite, na salfa inakubalika hata kwenye kilimo hai. Makapi ya zabibu zilizokamuliwa yarudi kwenye mboji.

Kabla ya kununua mapipa, nendeni Makutupora, kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), kisha mfuatilie TBS (Shirika la Viwango) na leseni ya vileo. Na mpangane mapema nani atakaa jikoni, nani shambani.