Eti yabomolewe tuweke vioo?

Wewe unasema hayo majengo ya ofisi ya zege ya zamani hapo tao Nairobi ni ya kubomolewa tuweke ya vioo, lakini hebu pita hapo saa nane mchana uangalie zile mbavu za zege zimetokeza nje ya madirisha, hizo si urembo tu boss, zinakata jua kabla halijagonga kioo, hizo zako za vioo AC ikizima mtu anaiva kama mahindi choma. KICC yenyewe, lile jumba refu la mikutano la zege, ilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, wasanifu majengo Mutiso na Nøstvik wakaichora, ikaisha 1973, na bado inatesa. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kwa gazeti rasmi la serikali ili lilindwe, sasa mwenye ploti akubali, hapo ndio kazi.