Joto la msimu wa kaskazi linaua betri za simu: mambo ninayowaambia wateja wangu Lamu

Wateja wengi huingia dukani kwangu Langoni wakiwa wameshakata hukumu: "Fundi, betri imekufa, nitilie nyingine." Huwaambia wangoje kwanza. Mara nyingi kilichoharibika ni waya, au tundu la chaji limejaa nyuzi za mfukoni na chumvi ya bahari. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, chokoa taratibu, kisha ujaribu kwa waya wa jirani. Ikiingiza chaji vizuri, mimi nimekosa kazi lakini wewe umeokoa pesa zako.

Betri iliyochoka kweli ina dalili zake. Kubwa ni hii: simu inasoma asilimia 30, unafungua kamera umpige picha bibi harusi, inazimika pap! Ukiichomeka inawaka na kusoma karibu ile ile 30. Chaji ilikuwamo, ila betri ikizeeka hushindwa kutoa nguvu nyingi kwa mpigo, na kamera inataka nguvu kwa mpigo. Ile asilimia ya juu ya skrini haikwambii betri yenyewe imepungua kiasi gani. Mtungi ulioingia mchanga nusu nao hujaa maji mpaka mdomoni.

Kuipima si kazi. Kwenye iPhone ingia mipangilio, betri, kisha afya ya betri. Iliyoshuka chini ya asilimia 80 inastahili kubadilishwa. Apple wenyewe wanasema iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja, hata kama umechomeka mara tano.

Mwenye Samsung atumie programu ya Samsung Members, sehemu ya vipimo. Kwa Tecno, Infinix na itel mimi hutumia programu ya AccuBattery, lakini iache ihesabu chaji kadhaa kabla hujaiamini. Betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ikikadiriwa 3900, imebaki asilimia 78. Wako wanaopiga *#*#4636#*#* wakaona neno la "nzuri" wakafurahi. Kwenye simu nyingi neno hilo lina maana kwamba betri haina hitilafu kwa wakati ule. Uzee hauhesabiwi hapo.

Sasa joto, ambalo kwetu ndilo adui mkubwa kuliko yote. Majuzi nahodha mmoja wa boti za Shela aliniletea simu ambayo ukiiweka mezani inayumba. Kifuniko cha nyuma kimeinuka, ukucha unapita kati yake na fremu.

"Ami, simu hii hukaa wapi mchana?"

"Pale nyuma ya boti, kwenye tezi, nione wakinipigia."

Juani, ndani ya kava nene jeusi, nyimbo zinalia, na pawabenki imechomekwa. Betri ya lithiamu ina kemikali ya majimaji ndani. Ikipata joto kupita kiasi huvunjika na kutoa gesi, ndiyo hiyo inayovimbisha. Apple wanataka simu zao zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35, na kaskazi ikikolea hapa kwetu hata kivulini tunaukaribia mpaka huo. Basi boti ikivuka Mokowe, simu iingie mfukoni au chini ya kitambaa cheupe. Ukichaji mchana, vua kava. Na ikichemka usiitie kwenye friji, jamani! Unyevu utafanya matone ya maji ndani yake. Iache penye upepo.

Iliyovimba usiichaji, usiibonyeze irudi, wala usiitoboe. Inaweza kuwaka moto. Usiitupe jaani pia, watoto na punda wanapita pale. Mletee fundi.

Kuchaji usiku kucha si balaa kama watu wanavyosema, kwa sababu simu hujikatia yenyewe ikijaa. Tatizo ni kuilaza chini ya mto huku imejaa na imepata joto. iPhone 15 kuendelea na Samsung nyingi zina mpangilio wa kuishia asilimia 80, uwashe siku za kawaida. Lakini ukienda mbali, Faza au Kiwayu, jaza mpaka 100 usijinyime. Simu ni ya kutumia, haiwekwi makumbusho. Yale ya kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane, au kuiacha ife kabisa ndipo uchomeke, ni mambo ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu haipendi kufika sifuri.

Ukibadilisha, ogopa betri ya bei ya kutupa iliyoandikwa mAh nyingi kuliko ya asili na ukubwa ni ule ule. Hizo namba ni wino tu. Na wanaoagiza iPhone zilizotumika kutoka Mombasa: simu ya miaka minne inayosoma afya asilimia 100 imebadilishwa betri. Si vibaya, lakini kuanzia iPhone XR na XS, kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utaona kama betri ni ya Apple au haitambuliki. Angalia hapo kabla hujatuma pesa.